Vidoa Vyeupe kwa Samaki wa Tangini

Ukiona samaki wako wa baharini ana vidoa kama chembe za chumvi na anajikuna maweni, basi ana kimelea kiitwacho Cryptocaryon. Mhamishie tangi jingine lisilo na matumbawe wala kamba, maana hao watakufa. Kwa siku 2, badilisha maji kidogo kidogo kwa maji baridi yasiyo na klorini, hadi chumvi ishuke kutoka gramu 35 kwa lita mpaka 14. Pima kwa kifaa, ulimi hautoshi. Ngoja wiki 4 baada ya doa la mwisho kutoweka. Wengi huharibu hapa: samaki huvumilia kupunguziwa chumvi kuliko kuongezewa, kwa hivyo irudishe kwa wiki nzima. Tangi la kwanza nalo likae bila samaki zaidi ya wiki 6, vimelea vife njaa.