STAA, ACHA KIKI: KORI ZOTE KUWAKA SIO KUISAIDIA SAYANSI

Leo sina habari ya nani kamuacha nani, wala nani kaonekana Zanzibar na nani. Leo nina hasira na staa mmoja. Jina simtaji. Wengi wenu mnamfuata, na yeye mwenyewe akipita hapa atajijua.

Wiki iliyopita jamaa kaposti klipu. Nyuma taa za rangi, mezani kompyuta ya gemu, feni zinawaka kama ukumbi wa sendofu. Kwenye skrini vigrafu 16 vya prosesa, vyote vimejaa mpaka juu. Akasema anaisaidia sayansi kutafuta dawa, kori zote asilimia 100, usiku na mchana, na kila anayempenda aweke programu hiyo kisha arushe skrinishoti yake. Akamalizia na neno lililonikera kuliko yote: "Hata ya ofisini weka tu, bosi hatajua."

Sasa tuelewane. Programu yenyewe siipingi hata kidogo, mimi ninayo tangu nimalize kidato cha nne. Ninachopinga ni kuigeuza kiki, maana watu wameshaanza kuumia.

Kwa wasioijua, mchezo uko hivi. Kuna hesabu za kisayansi kubwa kiasi kwamba kompyuta moja ingekaa miaka na miaka bila kuzimaliza. Watafiti wanazikata vipande, seva yao inatuma kila kipande kwa kompyuta ya mtu aliyejitolea, kompyuta inakokotoa, jibu linarudi. SETI@home ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilianza 1999 kutafuta dalili za viumbe wengine kwenye mawimbi ya redio kutoka angani, ikaendelea kugawa kazi mpaka Machi 2020. Hao hao wa Berkeley ndio waliotoa BOINC, programu moja ambayo ndani yake unachagua mradi unaoupenda. Folding@home ilianzia Stanford mwaka 2000, inachunguza jinsi protini zinavyojikunja, na korona ilipoingia watu walijiunga kwa fujo.

Na usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Kulikuwa na mradi unaitwa malariacontrol.net, wa taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Uswisi, taasisi ambayo ina historia ndefu na Ifakara, hapo hapo Morogoro. Kompyuta za majumbani zilikuwa zinakokotoa jinsi malaria inavyosambaa na nini kingetokea kukiwa na kinga hii au ile. Malaria, jamani. Nani hapa hajawahi kuugua?

Kwa hiyo kitu chenyewe ni kizuri. Sasa nikwambie staa wetu kakiharibu vipi.

Nina msomaji wangu, dada mdogo tu, alikuwa anafanya kazi steshenari. Kompyuta nne, kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza fomu za watu. Kaona klipu, kaweka programu kwenye mashine zote nne, kori zote, bila kumwambia mtu. Siku ya pili mashine nzito, mteja anasubiri CV yake ifunguke mpaka anaondoka, feni zinalia kama mashine ya kusaga. Bosi kaita fundi, fundi kafungua, kakuta programu. Dada kazi hana. Kaniandikia, "Kaka, mimi nilidhani nasaidia." Alimtumia staa ujumbe pia. Mpaka naandika hapa hajajibiwa.

Tena hili sio geni. Kule Georgia, Marekani, fundi kompyuta wa chuo kimoja aliweka programu ya aina hii kwenye kompyuta za chuo bila ruhusa. Alishtakiwa kwa jinai, na mwaka 2002 akamalizana nao kwa faini na kuwekwa chini ya uangalizi. Programu halali, nia nzuri, mashine za watu. Kompyuta ambayo hulipii umeme wake sio yako kuijitolea. Kaka staa, hilo ungeweza kulisema kwa sekunde tano tu, ukaacha.

Twende sasa kwenye hizo kori, maana hapa ndipo watu wengi wanapopigwa.

Kori ni kama fundi ndani ya prosesa. Prosesa ya kori nne ina mafundi wanne. Lakini Windows inaweza kukuonyesha nane, kwa sababu kila kori inabeba nyuzi mbili za kazi. Wale wa pili sio mafundi kamili. Ni sawa na mafundi cherehani wawili kwenye cherehani moja: mmoja akisimama kupima kitambaa, mwenzake anashona. Inasaidia, ila hupati nguo mara mbili. Vile vigrafu 16 vya staa, inawezekana kabisa ni mafundi nane.

Kwa kawaida BOINC inaweka kipande kimoja kwa kila uzi. Nyuzi nane, vipande nane kwa mpigo. Skrinishoti inapendeza. Swali ni moja tu: kwa saa moja unamaliza vipande vingapi? Chukua mfano. Unaendesha vipande vinne, kila kimoja kinachukua masaa 4. Hapo unatoa kipande kimoja kwa saa. Ukiweka nane vikachukua masaa 6 kila kimoja, unatoa kimoja na theluthi, umefaidika. Vikichukua masaa 9, unatoa chini ya kimoja. Mafundi wote wanatoka jasho, umeme unakwenda, na kazi imepungua! Grafu bado inaonyesha asilimia 100. Grafu haijui.

Kwa nini ipungue? Sababu ya kwanza ni RAM. Kila kipande kinataka RAM yake mwenyewe, na kuna miradi ambayo kipande kimoja kinaweza kula GB 1 au zaidi. Laptopu ya GB 4 ukiipa vipande vinne vya hivyo, itaanza kuhamishia mambo kwenye diski, na hapo hata kufungua WhatsApp inakuwa ibada. Sababu ya pili, kori zote zinakunywa kutoka bomba moja la RAM na zinagombania kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Kuna hesabu ambazo kori mbili au tatu zinamaliza bomba lote, wengine wanabaki na ndoo mikononi.

Sababu ya tatu ni joto. Sisi tunaishi Dar, Januari unaijua. Laptopu iko kitandani juu ya shuka, matundu yameziba vumbi, unaipa kori zote masaa 24. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Umelazimisha mafundi wote wakimbie, sasa wote wanatembea. Mbaya zaidi, mashine iliyochemka inaweza kurudisha jibu bovu. Ndiyo maana miradi mingi hutuma kipande kile kile kwa kompyuta mbili na kulinganisha majibu. La kwako likikataa, usiku wako mzima umekwenda na maji.

Halafu kuna kosa la ulafi. Watu wanaiambia programu ivute kazi za siku kumi kwa mpigo ili orodha iwe ndefu kwenye skrinishoti. Kila kipande kina tarehe ya mwisho. Ukichelewa, seva inampa mtu mwingine. Yaani umekaa na kazi ya mtafiti kabatini wiki nzima halafu hukuifanya, na hapo unajiita mfadhili wa sayansi.

Na umeme? Nani analipa? Hesabu nyepesi: kompyuta ya mezani inayokula wati 120 masaa 24 inatumia karibu uniti 2.9 kwa siku, zaidi ya uniti 86 kwa mwezi. Wewe uko kwenye ile bei nafuu ya mtumiaji mdogo, ambayo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta peke yake imeshakutoa, hujawasha friji, hujapiga pasi. Staa analipiwa na matangazo. Wewe unachangia LUKU na wapangaji wenzako watano, na mama mwenye chumba cha pili ana genge lake la juisi na friji lake. Mdogo wangu wa tumbo moja aliacha mashine inawaka wiki moja kwa ajili ya hiyo changamoto, nyumba nzima ikalala giza Ijumaa, wapangaji wakaitana kikao uani. Nilikaa pale nikaona aibu kwa niaba ya mtu ambaye hata hatujui.

Sasa nisije nikaambiwa mimi kazi yangu kulalamika tu. Ukitaka kujitolea kweli, fanya hivi.

Kwanza, tumia mashine yako, na mwenye LUKU ajue. Pili, kwenye mipangilio ya BOINC kuna sehemu mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni asilimia ya kori, nyingine ni asilimia ya muda wa prosesa. Punguza ya kori, ile ya muda iache 100. Ukipunguza muda, programu inakuwa inakimbia inasimama, inakimbia inasimama, joto linapanda linashuka kila mara. Mwenye nyuzi nane aanze na 50, yaani vipande vinne. Kaa siku mbili tatu, andika kipande kinachukua masaa mangapi. Panda mpaka 75, andika tena. Gawa vipande kwa masaa. Ukiona namba haipandi, rudi ulikotoka. Linganisha vipande vya mradi mmoja na aina moja, sio embe na nanasi.

Tatu, unayetumia na kadi ya picha, acha angalau uzi mmoja wazi wa kuilisha, maana kadi nayo inahitaji prosesa iipelekee kazi. Nne, vuta kazi za siku moja tu au chini ya hapo. Tano, ruhusu kazi ibaki kwenye RAM inaposimamishwa, kama RAM inatosha, ili ukifungua gemu lako dakika kumi usirudishwe nyuma mpaka pale ilipohifadhi mara ya mwisho. Umeme ukikatika utarudishwa tu, hilo halina dawa bila betri.

Sita, na hii wengi hawaijui. Prosesa nyingi zina mwendo wa ziada unaoitwa turbo. Ule mwendo wa mwishoni unakula umeme mwingi kwa faida ndogo. Kwenye Windows, mpangilio wa umeme, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 mpaka 99, na kwa mashine nyingi turbo inalala. Kazi itapungua kidogo, joto na umeme vitapungua zaidi. Kwa kila uniti uliyolipia, sayansi inapata zaidi. Hiyo ndiyo namba ya kujivunia, ila kwa bahati mbaya haina taa za rangi.

Mashine yangu mimi ni ya mtumba, nimeinunua Kariakoo, kori nne, RAM GB 8. Inaendesha vipande vitatu, usiku tu, feni hata husikii. Mama analala chumba cha pili, hajui kama kuna sayansi inafanyika. Skrinishoti yake ni ya kijinga, ukiirusha hupati hata laiki mbili. Lakini vipande vinarudi kwa wakati na vinakubaliwa.

Najua mashabiki mnakuja. "Wivu tu, angalau kawafanya watu waijue." Sawa, hilo nampa. Kuna watoto leo wanajua neno BOINC kwa sababu yake, na mimi na kablogu kangu nisingewafikia hata robo. Ila mtu mwenye sauti kubwa ndiye anayetakiwa kupima maneno. Ukiwaambia watu laki kadhaa "weka hata ya ofisini", usishangae mmoja akikutii. Na mtu akichomwa mara moja hatarudi. Atafuta programu na kuwaambia wenzake ni utapeli, na yule mtafiti wa malaria kapoteza kompyuta kwa miaka kumi ijayo ili wewe upate laiki za wikiendi moja.

Kaka staa, nakuomba mambo mawili tu. Rusha klipu nyingine useme lile la ofisini ulikosea. Halafu mjibu yule dada. Una marafiki wenye maduka na studio mji mzima, kumtafutia mtu wa kuchapa na kutoa kopi hakukushindi. Ukifanya hivyo nitakuandika hapa kwa jina, kwa herufi kubwa, na nitakusifia mpaka wakereke.

Wadau, wangapi mliingia kwenye hiyo changamoto? LUKU ilisomaje? Wenye kori nne, sita, nane, leteni namba zenu kwenye komenti, vipande kwa saa. Skrinishoti za grafu zilizojaa sitaki kuziona.