Mlima Elgon una wenyewe
Na Nekesa Barasa, safu ya Jicho la Magharibi

Usiku ndovu wa Mlima Elgon huingia chini ya ardhi kutafuta chumvi. Pango la Kitum lina kina cha takriban mita 200, na ndani hakuna mwanga hata chembe. Mama hutangulia akipapasa njia kwa mkonga, ndama wakimfuata nyuma. Wakifika ukutani hutia pembe kwenye mwamba, huung'oa vipande vipande na kuvisaga kwa magego. Mchana mgeni akimulika tochi huona michirizi ya pembe kuta nzima.

Chumvi hiyo ni zawadi ya moto. Elgon ilikuwa volkano mamilioni ya miaka iliyopita, ikatema majivu na mawe yaliyogandamana kuwa mwamba huo. Moto ulizimika kitambo, na juu kukabaki bonde la kasoko lenye upana wa kilomita nane hivi, limezungukwa na vilele. Kilicho kirefu zaidi, Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda.

Hata binadamu waliijua chumvi hiyo. Wafugaji wa Elgon waliishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao, wakichimba mwamba ili mifugo ilambe. Mwaka 1883 mvumbuzi kutoka Uskoti, Joseph Thomson, alizikuta familia humo, lakini bado akadhani mapango yalichongwa na taifa fulani la kale lililostaarabika. Wenyewe walikuwa mbele ya macho yake! Baadaye serikali ya kikoloni ikawatoa mapangoni.

Kwetu sisi Wabukusu, na kwa ndugu zetu Wagisu wa Uganda, mlima huu ni Masaba. Wagisu husimulia kwamba babu yao, Masaba, alitokea humo humo mlimani. Mwezi wa Agosti, katika miaka ya tohara, kijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa tope baridi mwili mzima, kisha akarudishwa uwanjani kwa baba yake kusimama mbele ya kisu. Mito yetu mingi hutiririka kutoka msitu ule. Msitu ukiisha, sijui tope hilo tutalitoa wapi.

Ndiyo maana suala la Chepkitale, nyanda za juu za mlima huu upande wa Kenya, linaniuma. Mwaka 2000 nyanda hizo za juu, makao ya Waogiek tangu enzi za mababu, zilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Wafugaji na warina asali wakageuzwa wavamizi katika ardhi yao. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliwapa haki yao.

Wapo wanaosema watu wakirudi, msitu utakwisha. Wawaulize Waogiek sheria walizojiwekea: kuchoma makaa marufuku, kilimo cha biashara marufuku. Mtu anayetegemea mizinga ya nyuki atakataje mti unaochanua? Hatari ninayoiona mimi ni miteremko iliyolimwa hadi juu. Machi 2010, mvua kubwa iliporomosha udongo huko Bududa, upande wa Uganda, ukafukia vijiji na kuua mamia ya watu.

Serikali na itoe hatimiliki ya Chepkitale kwa jina la jamii. Na wazee wa Ogiek wakae mezani siku mipango ya mlima inapoandikwa, wasije kuitwa kupiga makofi ikiwa imeshachapishwa.