Maili za Ndege si Akiba, ni Namba kwenye Hifadhidata ya Mtu

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za Linux na programu huria, lakini leo naomba mnivumilie niongee kuhusu ndege. Msiondoke, tarakilishi imo ndani tele.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa miaka mitatu mwajiri wangu amekuwa akinituma kwa wateja ng'ambo, na kila safari nikajikusanyia maili za shirika moja la ndege ambalo sitalitaja. Sikutumia hata moja. Nilikuwa na lengo. Dada yangu ni muuguzi huko Minnesota, amejifungua, na mama alitaka kumwona mjukuu. Magoti ya mama ni mabovu. Hata ukipanda ile ndege ya KQ inayoenda New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, ni karibu saa 15 hewani, na bado hujafika Minnesota. Mama angekaaje saa zote hizo amekunja miguu? Nilitaka alale, kwenye kile kiti cha daraja la biashara kinachonyooka kikawa kitanda.

Jedwali la bei la shirika lilisema maili 75,000 kwa safari ya kwenda. Nilikuwa na 71,000. Nikasafiri mara moja zaidi, nikarudi na 79,000, nikafungua tovuti yao huku natabasamu. Jedwali halikuwepo. Mahali pake paliandikwa tu kwamba bei hutegemea siku. Siku niliyoitaka ilikuwa maili 132,000. Hakuna barua pepe niliyotumiwa, hakuna tangazo, hakuna hata samahani.

Nilinuna wiki nzima. Halafu nikafanya jambo ambalo mtu wa kazi yangu alipaswa kulifanya tangu mwanzo: nikaanza kuchunguza mfumo wenyewe unavyofanya kazi.

Maili zilizaliwa ndani ya tarakilishi. American Airlines ilipoanzisha AAdvantage mwaka 1981, ilipata wanachama wake wa kwanza kwa kupekua Sabre, mfumo wake wa kuhifadhi nafasi, na kutafuta namba za simu zilizojirudia. Ukionekana mara nyingi, wewe ni mteja mzuri. Kwa hivyo maili ni safu kwenye hifadhidata ya mtu mwingine, na mwenye hifadhidata ndiye anayeandika masharti. Soma masharti ya programu hizi (mimi sikuwa nimeyasoma, nakiri) na karibu kila mahali utakuta kwamba maili si mali yako na kwamba wanaweza kubadilisha bei.

Na wanabadilisha. Delta iliondoa jedwali lake la bei mwaka 2015. Flying Blue ya Air France na KLM, ambayo Wakenya wengi waliijua kupitia KQ kabla KQ haijaanzisha Asante Rewards yake, ilifuata mwaka 2018. United ikafanya vivyo hivyo mwaka 2019. Kwa nini? Mwaka 2020, ndege zilipokuwa zimelala chini kwa sababu ya Korona, United iliweka rehani programu yake ya maili na kukopa dola bilioni 6.8, na Delta ikakopa bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo. Mtu hakopeshwi pesa kama hizo kwa kuonyesha shukrani zake kwa wateja. Shirika huchapisha maili, huziuzia benki zinazotoa kadi za mkopo, kisha linaketi dukani likipanga bei ya bidhaa pekee unayoweza kununua kwa maili hizo. Mmarekani anapata maili akinunua mkate kwa kadi. Sisi tunaolipa kila kitu kwa M-Pesa tunazipata hasa kwa kukaa kwenye kiti, kwa hivyo bei ikipanda sisi ndio tunaoumia zaidi.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe, maana hapa ndipo niliposisimka. Ukiona viti vya daraja la biashara vitupu, usidhani viko tayari kwa maili. Kila ndege ina ndoo kadhaa za viti zenye majina ya herufi, na viti vya maili vina ndoo yao. Kwenye mashirika ya Star Alliance, kwa mfano, kiti cha biashara cha maili hukaa kwenye herufi I. Ndoo ikiwa na sifuri, hata ndege iwe tupu, hupati.

Nani anajaza ndoo? Kanuni ya msingi aliitoa Ken Littlewood wa shirika la Uingereza la BOAC mwaka 1972, na ni nyepesi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja: usimuuzie mteja wa bei ya chini mpaka bei yake ifikie bei ya juu mara uwezekano wa mteja wa bei ya juu kutokea. Tuseme kiti kinauzwa shilingi 400,000. Miezi minne kabla ya safari, uwezekano wa kukiuza ni asilimia 60. Basi kukihifadhi kuna thamani ya shilingi 240,000, na mtu wa maili anafungiwa mlango. Wiki mbili kabla, bado hakijauzwa na uwezekano umeshuka hadi asilimia 5. Sasa thamani yake ni 20,000. Mlango unafunguka.

Nilipoelewa hivyo nikaacha kutafuta kama mtu anayetafuta tiketi, nikaanza kutafuta kama mtu anayewinda kosa kwenye programu. Viti hujitokeza pale mashirika yanapoanza kuuza, takriban miezi 11 kabla, halafu tena siku za mwisho. Katikati ni jangwa. Pia kuna viti vya mizimu: tovuti inaonyesha kiti kutoka kwenye nakala ya zamani ya majibu, ukibonyeza kulipa unaambiwa hakipo. Mfumo mzima unaonyesha data iliyooza na hakuna anayeona aibu! Na kuna jambo la ajabu zaidi: kiti kinaweza kukosekana kutoka mji wa Ulaya hadi Marekani, lakini kikapatikana ukianzia Nairobi kupitia mji huo huo, kwa sababu mfumo hupima safari nzima na si kipande kimoja.

Je, inafaa kusumbuka hivi? Watu wa maili hupenda kupiga hesabu: bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi na ada, gawanya kwa maili. Tiketi ya biashara ya 400,000 yenye ada ya 40,000, kwa maili 75,000, inakupa karibu shilingi 4.80 kwa maili. Ya kawaida mara nyingi haifiki hata nusu yake. Lakini hesabu hiyo ina uongo ndani. Mimi nisingetoa shilingi 400,000 kamwe. Pengine ningetoa 150,000 kwa ajili ya magoti ya mama. Weka namba hiyo badala ya ile ya shirika, ndipo ujue maili zako zina thamani gani kwako.

Sipingi bei kubadilika. Ninachopinga ni kimya. Sisi waandishi wa programu tukitaka kuondoa kitu ambacho programu za wengine zinakitegemea, tunatangaza miezi mingi kabla, na tusipotangaza tunatukanwa, tena kwa haki. Shirika la ndege linaweza kutoa notisi ya siku 90 bila kufilisika. Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilianza kuyahoji mashirika manne makubwa kuhusu jambo hili hili. Kenya tuna sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012, na ningependa kuona pointi na maili zikitajwa wazi wazi humo. Mtu akikaa saa mia hewani kwa ahadi ya bei fulani, hiyo ni biashara, si zawadi.

Kuhusu mama: niliangalia kila asubuhi kabla ya kazi, kwa mkono, maana masharti yanakataza skripti. Siku 12 kabla ya tarehe aliyotaka, kiti kimoja kikatokea kwenye ndege za shirika mshirika, ambako bei ilikuwa bado haijabadilishwa: maili 78,000. Visa ilikuwa tayari. Nililipa mikono ikitetemeka, nikapiga picha ya skrini mara tatu.

Alipofika Minnesota katikati ya Februari alinipigia simu, nami nikamuuliza kitanda kilikuwaje. Akasema alilala mno, wakapitisha chakula bila kumwamsha, na kwamba nimwambie mwenye ndege si vizuri.

Zimebaki maili 1,000. Tiketi ya kurudi bado natafuta.