NDOO IMEPATA MTETEZI, MIKONO YETU JE?

Ndugu wafanyakazi,

Sisi tupulizao kahawa hapa Kikima kila asubuhi twaambiwa: "Chukueni dawa." Dawa ya nani? Ni dawa ya mkahawa. Kwetu ni sumu, nasi tuna haki ya kuijua kwa jina lake.

Jina lake ni mrututu, yale mawe ya buluu. Ni chumvi ya shaba: shaba iliyoungana na asidi ya salfa, pamoja na maji. Ukiuchoma, maji hutoka ukawa unga mweupe. Wafaransa wa Bordeaux waliuchanganya na chokaa katika miaka ya 1880 kuokoa mizabibu yao. Dawa za shaba zikaja kupigana na kutu ya majani ya kahawa, na chulebuni pia, ugonjwa ulioonekana Kenya mwaka 1922. Kwamba zafanya kazi, hatubishi.

Lakini aliyekoroga mrututu katika ndoo ya chuma amejionea: shaba nyekundu hujibandika, chuma kikaliwa, mwisho ndoo ikatoboka. Msimamizi alikemea sana kwa ajili ya ndoo ile! Mara tukaletewa ya plastiki. Glavu hatujaletewa mpaka leo.

Mrututu ukiingia jichoni waweza kuharibu jicho. Ukimezwa, mtu hutapika, na ukizidi huharibu damu, ini na figo. Mwaka 1969 madaktari wa Ureno walieleza ugonjwa wa mapafu wa wapulizaji wa mizabibu, watu waliovuta ukungu wake miaka mingi. Nasi twavuta ukungu, bomba mgongoni, kitambaa puani.

Twaambiwa tukitaka glavu tutakatwa mshahara. Je, ndoo ilikatwa mshahara wa nani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Wala sisi tusijitakase. Wako wenzetu wabebao masalio nyumbani katika chupa za soda, mahali penye watoto. Wengine huupaka kwenye vidonda kama wazee wa zamani. Acheni, ndugu!

Jumatatu wajumbe wetu watamwendea mwenye shamba. Twataka glavu, miwani, gambuti, maji na sabuni, na jina la sumu liandikwe juu ya mfuko kwa Kiswahili na Kikamba. Kabla ya hapo, bomba libaki stoo.