Fundi na Ukoka Hawakai Zizi Moja

Huku kwetu Matongo, Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, kuna kitu kinaitwa "tegesha": mtu anasimamisha nyumba chapuchapu akingojea fidia ya mgodi. Nyumba hiyo huikuti na ukoka mbele, bwana. Anayepanda ukoka amekusudia kukaa.

Dada yangu amekusudia kukaa. Kapanda vipandikizi uwanja mzima, plasta bado! Fundi anapita na toroli juu yake, akiulizwa anacheka: "Dada, nyasi zitaota tu." Sawa, na maji ya kununua kwa ndoo atalipa nani?

Nikamwambia dada, mtengee fundi njia moja, tandika mbao. Kwingine piga vigingi, zungusha kamba. Zege lichanganywe juu ya turubai, upande wa chini wa mteremko, maana maji ya saruji ni makali, yanaunguza majani na mizizi. Tandaza nyasi kavu kidogo, mwagilia asubuhi mpaka mizizi ishike. Halafu weka miba, kwani ng'ombe wa huku hasomi kibao cha "Usikanyage Majani"!

Wewe ambaye hujapanda, tulia. Tipa la mwisho liondoke kwanza, ulime udongo walioushindilia, ndipo upande mvua za masika zikianza. Mgeni atasifia bati, lakini watoto watacheza kwenye ukoka. Au siyo? Tukutane wiki ijayo!