Dereva wa Lori Anapofeli Kipimo cha Kabla ya Ajira

Dereva mwenye CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara nchini Marekani, kwa kawaida hashiki usukani wa lori la kampuni mpya mpaka kampuni hiyo ipate majibu kwamba mkojo wake hauna dawa za kulevya. Sharti hilo lilizaliwa na sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1991, na utaratibu wake umo katika kanuni za Wizara ya Uchukuzi: Sehemu ya 40 inaeleza namna ya kupima, Sehemu ya 382 inawahusu madereva wa malori na mabasi. Hizi ni kanuni za serikali ya shirikisho, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Bangi huuzwa kihalali madukani Colorado, Illinois, Ohio na katika majimbo mengine mengi, na jirani wa dereva anaivuta barazani bila kificho. Kwa dereva wa CDL ruhusa ya jimbo haina uzito wowote, hata akiwa na kadi ya daktari.

Kinachopimwa ni makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini (methamfetamini na MDMA zikiwemo), PCP, na dawa za jamii ya afyuni. Kundi hili la mwisho lilipanuliwa Januari 1, 2018. Zamani lilihusu heroini, mofini na kodeini. Sasa linagusa pia vidonge vya maumivu vya hidrokodoni na oksikodoni, vile ambavyo mtu huandikiwa baada ya upasuaji. Kwa bangi, maabara huanza na kizingiti cha nanogramu 50 katika mililita moja ya mkojo, kisha huthibitisha kwa kizingiti cha 15. Kipimo hakiulizi kama dereva amelewa siku hiyo. Kinatafuta mabaki, na mabaki ya bangi kwa mvutaji wa kila siku yanaweza kukaa mwilini wiki kadhaa.

Mafuta na peremende za CBD ni mtego wa aina yake. Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ilifungua mlango kwa bidhaa za katani zenye THC isiyozidi asilimia 0.3, lakini kilichoandikwa kwenye chupa na kilichomo ndani si lazima vilingane. Februari 2020 Wizara ya Uchukuzi ilitoa tangazo kwamba CBD si utetezi: mkojo ukionyesha bangi, maelezo kwamba ni mafuta ya CBD ya kupaka goti hayatabadilisha chochote. Miraa, ambayo wengine huiita mirungi, haimo katika makundi matano, na jambo hilo limewapa baadhi ya madereva kutoka Afrika Mashariki matumaini yasiyo na msingi. Kathinoni iliyomo katika majani mabichi imewekwa na sheria ya Marekani katika daraja moja na heroini, na kanuni namba 392.4 inamkataza dereva kuwa nayo au kuitumia akiwa kazini. Kipimo kinaweza kuikosa. Askari wa barabara kuu akifungua kabini hataikosa.

Dawa zinazotoka nyumbani zinahitaji uangalifu zaidi. Sharubati ya kikohozi au kidonge cha maumivu chenye kodeini, kilichonunuliwa likizoni Nairobi au Dar es Salaam na kubaki kwenye begi, kinaweza kuonekana maabara. Kanuni zinakubali dawa iliyopatikana kihalali katika nchi nyingine, mradi iwe na matumizi halisi ya tiba na iwe imetumiwa kwa ugonjwa uliokusudiwa. Heroini na bangi hazipati nafasi hiyo, hata zikitoka mahali ambapo hazikatazwi. Anayetaka kuitumia nafasi hiyo atahitaji karatasi: cheti cha daktari, risiti ya famasi, chupa yenye jina lake. Hivyo ndivyo vitu ambavyo wasafiri wengi huvitupa uwanja wa ndege ili kupunguza uzito wa mizigo.

Mwombaji kazi aliyeambiwa kwamba amefeli anapaswa kwanza kujua ni kipimo gani. Kampuni kadhaa kubwa hupima pia nywele, ambazo huweka kumbukumbu ya takriban miezi 3. Hicho ni kipimo cha kampuni. Kampuni inaweza kumnyima mtu kazi kwa sababu yake, lakini hakiingii katika rekodi ya shirikisho na hakimzuii kuomba kazi kwingine. Kipimo cha mkojo kilichofanywa kwa fomu ya shirikisho ni habari nyingine, na yote yanayofuata hapa yanakihusu hicho.

Sampuli yenyewe huchukuliwa kwa masharti makali. Zinahitajika mililita 45, na hugawanywa katika chupa mbili, 30 katika ya kwanza na 15 katika ya pili, zikafungwa kwa lakiri mbele ya dereva. Joto la mkojo hupimwa ndani ya dakika 4 na linapaswa kuwa kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Asiyeweza kutoa kiasi cha kutosha hupewa hadi saa 3 na maji yasiyozidi lita 1.2 hivi. Mwombaji kazi akiondoka kabla shughuli haijaanza, hahesabiwi kuwa amekataa. Akiondoka katikati, au maabara ikigundua mkojo uliotiwa kemikali au usio wa binadamu, hilo ni kukataa kupimwa, na kukataa kuna adhabu ileile ya kufeli. Dawa za kusafisha mkojo zinazosifiwa katika makundi ya WhatsApp zimewatoa watu wengine kwenye tatizo ambalo lingeweza kuelezwa na kuwatia katika lile lisiloelezeka.

Majibu yakitoka na doa, hayaendi moja kwa moja kwa kampuni. Huenda kwa daktari mhakiki, ambaye madereva humjua kwa herufi za MRO. Kazi yake ni kumhoji dereva kwa siri kabla ya kuthibitisha chochote. Yeye au ofisi yake hulazimika kujaribu kumpata kwa simu angalau mara 3 ndani ya saa 24. Wakishindwa, humwomba mwakilishi wa kampuni amwambie dereva apige. Saa 72 zikipita tangu dereva aambiwe na bado hajapiga, daktari anaruhusiwa kuthibitisha kwamba amefeli bila kumsikiliza. Katika hatua zote hii ndiyo inayopotezwa kizembe zaidi. Namba ni ngeni, simu inalia mtu yuko usingizini baada ya zamu, au anadhani ni wakala wa madeni. Mwingine huipokea kisha, kwa heshima ya kuzoea, hujibu ndiyo kwa kila swali ambalo hakulielewa. Dereva ambaye Kiingereza chake cha simu ni kizito ana haki ya kuomba swali lirudiwe, na ni busara awe ameandika mapema majina ya dawa zake zote. Anayehitaji muda wa kuleta ushahidi anaweza kuongezewa hadi siku 5. Aliyelazwa hospitali akashindwa kupiga simu anaweza kuleta uthibitisho na kuomba shauri lake lifunguliwe upya.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa dereva. Yapo maelezo ambayo daktari amekatazwa kabisa kuyazingatia: kwamba alikaa chumba kimoja na wavutaji, kwamba alikula keki bila kujua kilichomo, kwamba ni chakula cha katani. Amekatazwa pia kupokea majibu ya kipimo ambacho dereva amejifanyia mwenyewe. Kukimbilia kliniki siku ya pili, kulipa fedha na kurudi na karatasi safi ni jambo la kawaida sana, na ni fedha iliyopotea.

Njia halali ya kupinga ni chupa ile ya pili. Tangu daktari amjulishe kwamba amefeli, dereva ana saa 72 za kuomba chupa hiyo ipimwe katika maabara nyingine iliyoidhinishwa. Kwa mdomo inatosha, ingawa maandishi ni salama zaidi. Kampuni haiwezi kuzuia upimaji huo kwa kuwa dereva hana fedha mkononi. Inaweza kumdai baadaye. Chupa ya pili isipothibitisha majibu ya chupa ya kwanza, kipimo chote hufutwa.

Jina la dereva aliyethibitishwa kufeli huingia katika Clearinghouse, hifadhidata ya shirikisho iliyoanza kazi Januari 6, 2020. Daktari mhakiki ana siku 2 za kazi kutuma taarifa. Kabla ya hifadhidata hiyo dereva aliyefeli Texas angeweza kuvuka mpaka wa jimbo, akakaa kimya na kuajiriwa upya, na ushauri wa namna hiyo bado unatolewa na wazee wa barabarani waliouona ukifanya kazi. Leo hauna faida. Kila kampuni hulazimika kuangalia hifadhidata kabla ya kuajiri, na dereva asiyetoa idhini haendeshi. Kujisajili na kuisoma rekodi yake mwenyewe hakumgharimu dereva kitu. Anaweza kuomba kosa la taarifa lirekebishwe, kama vile jina au tarehe, lakini si kubishania majibu ya maabara.

Uzito uliongezeka Novemba 18, 2024. Tangu siku hiyo jimbo likipokea taarifa kwamba dereva amezuiwa, linapaswa ndani ya siku 60 kumwondolea daraja la CDL na kumwachia leseni ya kawaida. CDL hairudi mpaka hali yake katika Clearinghouse ibadilike. Kazi zisizohitaji CDL, kama za ghala, karakana au magari madogo ya vifurushi, hazimo katika katazo hili.

Wasio raia huwa na hofu ya ziada, na hofu hiyo ina sababu, japo si ile inayosemwa mara nyingi. Kufeli kipimo cha kazi si hukumu ya mahakama, na kanuni hazimruhusu mwajiri kugawa majibu hovyo bila idhini ya maandishi ya dereva. Hatari iko katika maneno. Idara ya uhamiaji ilieleza Aprili 2019 kwamba makosa ya bangi chini ya sheria ya shirikisho yanaweza kumkwamisha mwombaji uraia hata katika jimbo linaloiruhusu, na kwa asiye raia kukiri tu kunaweza kuwa na madhara bila kesi yoyote. Mwenye faili la uraia au la makazi ya kudumu anafanya vyema kuonana na wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika barua ya kujieleza kwa mtu yeyote. Karani wa kujaza fomu hatoshi.

Njia ya kurudi kazini inaanza kwa mtaalamu wa matumizi ya dawa za kulevya anayeitwa SAP. Kampuni iliyompima inawajibika kumpa orodha ya wataalamu hao bila malipo, hata kama haikumwajiri, ila hailazimiki kumlipia. Mtaalamu humhoji, kisha lazima ampangie elimu au tiba. Hakuna anayetoka bila kupangiwa kitu. Kwa kawaida haruhusiwi kumpeleka dereva kwenye kituo chake mwenyewe, na dereva haruhusiwi kuzunguka kutafuta mtaalamu wa pili mwenye hukumu nyepesi. Baada ya masomo au tiba mtaalamu humwona tena na kuandika kama ametimiza. Gharama zote hizi mara nyingi humwangukia mtu ambaye ndiyo kwanza amekosa kazi. Jumuiya zinazochanga kwa siku mbili kusafirisha maiti hadi Bukavu au Kisumu hazijazoea kuchangia jambo kama hili, kwa kuwa mwenyewe hulificha. Mkopo wa chama usio na maswali mengi ungefupisha miezi ya kukaa bure.

Kikwazo kikubwa kiko baada ya hapo, na wachache huambiwa mapema. Mtaalamu akishamaliza, hubaki kipimo cha kurejea kazini, ambacho hufanywa mkojo ukitoka mbele ya macho ya msimamizi wa jinsia ileile. Dereva hawezi kujipeleka. Lazima atumwe na mwajiri, na mwajiri huyo awe amekubali kumchukua akijua rekodi yake. Kampuni nyingi hukataa kwa sera au kwa ajili ya bima. Zinazokubali mara nyingi ni ndogo, na huenda zikatoa malipo ya chini au njia ngumu, hivyo ni vizuri kuanza kuzitafuta wakati masomo yakiendelea. Mwenye lori lake na namba yake ya Wizara ya Uchukuzi (DOT) hupitia muungano wa upimaji ambao kila dereva wa aina hiyo anatakiwa kujiunga nao, na muungano ndio unaomtuma. Njia hiyo imewavuta baadhi ya watu kununua lori kwa mkopo ili tu wapate wa kuwatuma. Huo ni uamuzi wa kibiashara unaohitaji hesabu zake, na riba ya lori kuukuu haisubiri rekodi isafishike.

Majibu safi ya kipimo hicho yakiingizwa katika Clearinghouse, katazo huondolewa na dereva anaweza kudai CDL yake jimboni. Ufuatiliaji huendelea: vipimo visivyopungua 6 katika miezi 12 ya kwanza, vyote vya kushtukiza na vya kutazamwa, na mtaalamu anaweza kurefusha ratiba hadi miezi 60. Ratiba hiyo humfuata dereva akihama kampuni, na siku asizofanya kazi ya CDL haziipunguzi. Rekodi yenyewe hukaa miaka 5, au mpaka ratiba ya ufuatiliaji iishe, kutegemea kipi kinachelewa.