Karakana ya Chaja Ipewe Mtaji, Lakini Ipimwe Kwanza

Simu ya mkononi si kitu cha anasa tena katika wilaya za Tarime na Serengeti. Kwa simu mwalimu hupata habari za mshahara wake, mkulima wa Nyamwaga huuliza bei ya ndizi na mahindi, mfugaji wa Natta humtumia mtoto ada ya shule, na jamaa wa mama mjamzito humwita mwenye pikipiki usiku wa manane. Lakini simu iliyozimika kwa kukosa umeme ni sawa na jembe lililovunjika mpini: lipo nyumbani, lakini halilimi.

Ni kweli kwamba kazi kubwa imekwisha kufanyika. Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umesambaza nyaya nchini kote, na ilipofika mwaka 2024 umeme ulikuwa umefikishwa karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Hata hivyo, umeme kufika kijijini si umeme kufika kila nyumba. Kijiji kina vitongoji, na kitongoji kina kaya zilizotawanyika mlimani na mbugani. Mahali ambapo nguzo hazijafika, mwananchi huipeleka simu yake kwenye kibanda cha kuchaji, hulipa, huiacha huko kwa muda mrefu, kisha hurudi kuifuata. Gharama yake si fedha peke yake. Ni miguu, ni muda, na ni siku nzima ya kutopatikana.

Kutokana na hali hiyo huzaliwa wazo ambalo limekuwa likijitokeza mara kwa mara katika nchi nyingi: kampuni ndogo itengeneze chaja inayozungushwa kwa mkono, ili mtu aijaze simu yake mwenyewe bila kungoja nguzo wala jua. Wazo hili lina mvuto. Linatumia nguvu za mwananchi, linafanana na moyo wa kujitegemea, na halihitaji mafuta. Lakini mvuto wa wazo si sababu ya kutosha ya kuliwekea fedha za umma, wala akiba ya watumishi. Swali la kujibiwa na halmashauri, na chama cha akiba na mikopo, na mwalimu anayeombwa kununua hisa, ni hili: kitu hiki kinafanya kazi gani, kwa kiasi gani, na faida yake itabaki kwa nani?

Historia ina mafunzo. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kutia ufunguo kwa mkono, akiwa na nia ya kuwafikishia watu wa Afrika habari za ugonjwa wa UKIMWI mahali pasipo na umeme wala betri. Katika miaka ya 1990 kiwanda kikajengwa Cape Town, Afrika Kusini, nacho kikawaajiri watu wengi wenye ulemavu. Redio hizo zikasifiwa duniani. Lakini haukupita muda mrefu, utengenezaji ukahamishiwa China, ambako gharama zilikuwa ndogo. Jina la bidhaa likabaki. Ajira za Cape Town zikaondoka. Fundisho lake ni kwamba chombo kinaweza kufanikiwa sokoni, na papo hapo watu waliotakiwa kufaidika nacho wakabaki mikono mitupu.

Fundisho la pili lilitolewa Tunis mwezi Novemba mwaka 2005, katika mkutano wa dunia juu ya upashanaji habari. Hapo ilionyeshwa kompyuta ndogo iliyokusudiwa watoto wa nchi maskini, yenye mpini wa manjano wa kuzungushia umeme. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alipoushika mpini huo ukachomoka mkononi mwake. Kompyuta zilizokuja kutengenezwa kwa wingi hazikuwa na mpini huo. Sifa za wakubwa na picha za magazeti hazikuweza kukifanya kipande dhaifu kiwe imara.

Karibu zaidi na Mara kuna mifano ya watu wa Afrika Mashariki wenyewe. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walionyesha chaja inayotumia dainamo ya baiskeli, na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Kenya likawaunga mkono. Huko Arusha, upande wa pili wa Hifadhi ya Serengeti, fundi Bernard Kiwia alitengeneza chaja ya simu ya kufungwa kwenye baiskeli kutokana na vifaa vikuukuu. Mjini humo humo, mwaka 2009, ilianzishwa kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyouza mashine ya kupukuchua mahindi na chaja ya simu, vyote vikiendeshwa kwa baiskeli. Baadaye kampuni hiyo iligeukia biashara ya taa za jua. Kwa upande wake, Kiwia alijenga karakana ya Twende, ambamo wananchi hufundishwa kujitengenezea zana zao. Linganisha mambo hayo mawili: bidhaa inaweza kupitwa na wakati, lakini ujuzi wa mikono ukishaota mizizi huzaa bidhaa nyingine.

Sasa zije hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka ngonjera. Mkono wa mtu mzima ukizungusha mpini bila kuchoka haraka hutoa umeme wa kiasi cha wati 5. Betri ya simu ndogo ya vitufe yenye uwezo wa mAh 1000 hubeba kiasi cha wati-saa 3.7. Kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani, simu hiyo itahitaji kama saa nzima ya kuzungusha ili ijae. Simu kubwa ya kupangusa, yenye betri ya mAh 4000, itahitaji kama saa nne. Hakuna mkulima aliyetoka shamba atakayezungusha mpini kwa saa nne, na muuzaji anayedai kwamba dakika tano zinatosha kuijaza simu hasemi kweli. Dakika tano hutosha kwa mazungumzo mafupi, na mazungumzo mafupi usiku wa hatari yana thamani kubwa. Lakini hicho ndicho kinachouzwa, na kisemwe hivyo.

Miguu ni habari nyingine. Mtu wa kawaida akikanyaga pedali anaweza kutoa wati 50 kwa saa nzima, nguvu inayotosha kuchaji simu kama kumi ndogo kwa pamoja. Hapo kuna biashara ya kibanda, hasa wakati wa masika ambapo mawingu hulizuia jua. Tena ni lazima kukiri kwamba jua ni mshindani mkali. Kipande cha sola cha wati 20 kilichoanikwa vizuri siku ya jua kali huzalisha umeme mwingi kuliko mkono unaozungusha mpini kutwa. Hivyo basi, chaja ya mkono ina nafasi yake kama akiba ya dharura: kwa mchungaji aliye mbali na boma, kwa mlinzi wa usiku, kwa zahanati iliyokatikiwa umeme, kwa msafiri. Kampuni itakayoijenga biashara yake yote juu ya mpini peke yake itakufa. Itakayounganisha mpini, pedali, sola na matengenezo inaweza kuishi.

Fedha za kuanzia zipo, ingawa si nyingi. Tangu mwaka 2018 sheria inaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Kusimamishwa kwake kulikuwa onyo la kutosha. Fedha iliyotolewa kwa kikundi kisichokuwapo, au kwa mradi usiopimwa, haikupotea hewani. Ilitoka katika ushuru wa mama anayeuza ndizi mnadani.

Mtego mkubwa kwa mradi wa aina hii unafahamika. Kikundi hujiita kiwanda, huchukua mkopo, hupanda basi hadi Kariakoo au huvuka mpaka wa Sirari, hununua chaja zilizotengenezwa ng'ambo, hubandika karatasi yenye jina la wilaya, kisha huziuza. Hiyo ni duka, si karakana. Duka si dhambi, lakini halimfundishi kijana yeyote kusuka waya wa shaba, kukereza chuma wala kuchomelea, na chaja zikiharibika hutupwa. Mkopo wa uzalishaji usiwe mrija wa kupeleka fedha ya Tarime kwenye viwanda vya mbali.

Ndiyo sababu masharti manne hayana budi kuwekwa kabla ya fedha kutoka. Kwanza, chaja ipimwe mbele ya kamati, kwa simu halisi na kwa saa ya ukutani, na matokeo yaandikwe. Pili, kikundi kionyeshe sehemu zipi kinatengeneza chenyewe na zipi kinanunua, na vipuri vitapatikana wapi baada ya mwaka mmoja. Tatu, mtaji utolewe kwa awamu, awamu ya kwanza ikitosha kutengeneza chaja chache za majaribio zitakazotumiwa na wananchi wa vitongoji halisi kwa msimu mzima, wa jua na wa mvua. Nne, vitabu vya hesabu viwe wazi kwa kila mwanachama, na hisa zisikusanyike mkononi mwa mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Vyombo vya kusaidia haviko mbali. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi yake mkoani. Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975, huwapokea wazalishaji wadogo wanaotambulishwa na SIDO. Arusha kuna taasisi za umma za usanifu wa mitambo na zana za vijijini, TEMDO na CAMARTEC, zilizowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi za namna hii hasa. Ofisa anayepitisha maombi bila kuvigonga vyombo hivyo hawezi kujitetea kwamba hakuwa na wa kumwuliza.

Walimu nao wana kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya vizuri kuliko wao. Kupima volti na ampea ni somo la fizikia la sekondari. Mwalimu na wanafunzi wake katika Tarime au Mugumu, wakiwa na mita ya kupimia umeme na saa, wanaweza kueleza kwa mchana mmoja kama chaja inatoa wati 5 au inatoa 2. Wakifanya hivyo watakuwa wameiokoa fedha ya umma, na papo hapo wanafunzi watakuwa wameona kwamba kanuni iliyoandikwa ubaoni ina maisha nje ya mtihani.

Wapo watakaosema kwamba nguzo za umeme zitafika kila kitongoji, na kwa hiyo juhudi hii ni ya bure. Hoja hiyo ina uzito, na inaupa uwekezaji huu sura yake ya kweli. Siku nguzo zitakapofika, chaja ya mkono itawekwa kabatini. Lakini kijana aliyejifunza kusuka dainamo ataweza kusuka mota ya pampu ya maji na ya mashine ya kusaga. Aliyejifunza kuunganisha betri atatengeneza sola na pikipiki. Mwenye ulemavu wa miguu aliyezoea kazi ya kuunganisha vipande mezani atakuwa fundi mwenye wateja wake. Umeme ukifika, mafundi hao watahitajiwa zaidi, si kidogo.

Kwa hiyo jibu kwa swali la mtaji ni ndiyo, kwa karakana. Na ni hapana, kwa kifaa kinachosifiwa bila kupimwa. Kuwanyima vijana fedha kwa hofu ni kuua vipaji; kuwapa bila kuuliza ni kuwatupa kwenye deni. Mtumishi aliyekabidhiwa kalamu ya kuidhinisha mkopo hana budi kuushika mpini wa chaja hiyo kwa mkono wake mwenyewe, auzungushe saa nzima, kisha ndipo atie saini.